Siku ya Themanini na Tatu

Karani anaitwa Ornella. Miwani yake ina mkufu,
kahawa yake imepoa, haigusi.
Anafungua daftari la vizazi kwa vidole viwili
kama anayefunua kidonda.
"Zanchetta," anasema. "Wapo wengi. Wote makaburini."

Mimi ni Ayelén Sanqueta, wa Rafaela, Santa Fe.
Nina saa elfu tatu mia nne na kumi na mbili angani,
nyingi za usiku, moja ya mvua ya mawe juu ya Mendoza
ambapo kapteni alinyamaza, nami nikajua
kunyamaza kwake ndiyo sala yake.
Leseni ya kwetu ninayo. Ya kwao pia:
mitihani kumi na mitatu, chumba cha kupanga, Athens,
mkate mkavu, na mawingu ya kukariri
kwa lugha isiyo ya mama wala ya baba.
Macho yamepimwa. Moyo umepimwa.
Hata mkojo wangu una cheti.

Lakini kila tangazo la kazi lina mkia,
na sumu ya nge iko mkiani:
*mwombaji awe na haki isiyo na kikomo
ya kuishi na kufanya kazi.*
Mara moja tu walinipigia. Kijana, sauti ya pamba.
"Saa zako nzuri sana. Na pasipoti?"
Nikamwambia.
Akanishukuru, akakata simu taratibu
kama mtu anayerudishia mlango wa mgonjwa.

Juu kule, futi elfu thelathini na nane,
nimevuka mipaka nikitafuna biskuti.

Basi nimekuja kumtafuta Ermenegildo,
baba yake babu, aliyepanda meli Genova
na godoro, na msumeno, na kikohozi.
Hakuwahi kuruka hata mtaro.
Bibi alisema aliogopa ngazi;
dari ikivuja, alimtuma mkewe.
Huyo, mwoga wa ngazi, ndiye kibali changu.
Saa zangu zote, weka upande mmoja wa mizani;
upande wa pili, tone lake la wino.

Ornella ameupata ukurasa. Ananigeuzia.
Huyu hapa: Zanchetta, Z yenye mkia mrefu,
mkono wa padri au wa mlevi, sijui.
Na hiki hapa, cheti nilichokibeba kifuani
kama mtoto mchanga, mihuri saba: Sanqueta.
Mtu mmoja bandarini Buenos Aires alisikia,
akaandika alichosikia, akaita, "Anayefuata!"
Karani hukosea mara moja. Ukoo hulipa.

"Jina linasahihishwa," anasema Ornella,
"mahakama ya kwenu, miaka miwili, mitatu.
Sio jina." Anavua miwani.
"Sheria imebadilika. Zamani uzi huu
ulivutwa hadi ulipotaka. Sasa wanaukata kwa babu.
Baba yake babu..." Vidole vyake viwili vinakuwa mkasi.
Anaviona, anavificha chini ya meza.

Siku zangu hapa ni tisini. Leo ni ya themanini na tatu.
Nimezoea kuhesabu mafuta yaliyobaki:
ya kufika, ya kuzunguka, ya kwenda uwanja mwingine.
Uwanja mwingine sina.

"Nitoleeni kopi hata hivyo."
Senti hamsini. Ananihesabia chenji polepole,
mpaka sarafu ya mwisho, nyekundu, isiyonunua kitu.
Na kwenye risiti, pasipoti yangu ikiwa wazi mbele yake,
anaandika: Zanchetta.
Simsahihishi.

Nje ni Jumanne, soko la jibini na soksi.
Ndege inashuka kuelekea Treviso; haionekani,
mawingu yamelala kwenye mapaa.
Nasikia magurudumu yakitoka, ule mngurumo wa koo.
Mapema. Maili mbili mapema, anachoma mafuta bure.
Lakini nani ameniuliza?